Odowa, Omena na Miaka ya Kubalehe

Mji wa Migori, ambao kwenye bahasha za posta huandikwa Suna, una soko ambamo karibu kila kitu huuzwa kwa fungu. Omena hupimwa kwa gorogoro, nyanya hupangwa tatu chini na moja juu, na kandokando, karibu na wauza magadi, hukosi kuona vipande vya udongo mgumu, vingine vya kijivu, vingine vyekundu kama kichuguu vilikotoka. Hiyo ndiyo odowa. Mama mjamzito hununua bila kuulizwa. Msichana wa shule hununua na kuificha mfukoni mwa sketi, kisha humega kidogo kidogo na kukiacha kipande kiyeyuke ulimini. Mvulana wa umri wake akionekana akifanya hivyo huchekwa. Nairobi odowa hufungwa kwenye vifuko na kuuzwa madukani. Dar es Salaam udongo wa namna hiyo, uliofinyangwa kuwa vijiti na kukaushwa, huitwa pemba.

Kwa karibu karne nzima wataalamu wamekuwa wakija Afrika Mashariki kutafuta ni madini gani yanayokosekana katika mwili wa mtoto asiyekua. Kila kizazi kilikuja na madini yake: kalsiamu, kisha chuma, kisha iodini, kisha zinki. Walichochelewa kukitazama ni milango ambayo madini hayo huingilia na kutokea. Mtu akitaka kuijua milango hiyo, kanda ya Suna, Homa Bay na ufuo wa ziwa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hapa yote iko wazi kwa wakati mmoja.

Tuanze na vita. Mwaka 1917 serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilimkabidhi John Ainsworth kazi ya kukusanya wapagazi wa kuwabebea mizigo askari waliopigana na Wajerumani kule Tanganyika. Wanaume wa wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, ambayo makao yake yalikuwa Kisii na ambayo Suna ilikuwa pembe yake ya mbali, waliingizwa katika Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, pamoja na wenzao wa nchi nzima. Madaktari waliowapima wapagazi waliwakataa wengi mno. Walikonda, walikuwa na vidonda vya miguu, wengine walionekana wadogo kuliko umri wao. Hapo ndipo swali la kimo na lishe ya Mwafrika lilipoingia katika majalada ya serikali, na liliingia kwa sababu ya mizigo. Mwili mfupi haubebi ratili hamsini.

Vita vilipokwisha, swali hilo likaangukia mikononi mwa watu wawili. Mmoja alikuwa Daktari J. L. Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya. Wa pili, John Boyd Orr, alikuwa mkuu wa Taasisi ya Rowett mjini Aberdeen, Uskoti, na kilichomleta hasa ni ng'ombe. Karibu na Nakuru masetla walikuwa na mashamba ya nyasi ndefu ambamo mifugo ilidhoofika na kufa ikiwa imeshiba. Orr aliamini kwamba majani yale yalipungukiwa na madini, na kwa hilo hakukosea, ingawa madini yenyewe yalikuja kutambuliwa baadaye kuwa kobalti na si chuma kama ilivyodhaniwa mwanzo. Kutoka kwa ng'ombe alivuka hadi kwa watu. Ikiwa nyasi zinaweza kumshibisha mnyama na kumnyima madini, je, ugali?

Ripoti yao ilichapishwa London mwaka 1931. Waliwalinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, kunde na viazi. Mwanamume mzima wa Kimasai alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Orr alilaumu upungufu wa kalsiamu na madini mengine katika chakula cha nafaka. Takwimu zile zilimjengea jina. Mwaka 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwanahistoria Cynthia Brantley alipozipitia upya katika miaka ya 1990 alionyesha jinsi picha hiyo ya makabila mawili na vyakula viwili ilivyorahisisha mambo. Mimi naongeza kwamba ni vigumu kuandika juu ya chakula cha Mkikuyu wa 1926 bila kuandika nani alikuwa amekalia ardhi yake.

Nyanza Kusini, yaani ile Kavirondo Kusini, haikuwa na masetla wa kuichukua ardhi kwa kiasi kile, lakini chakula chake kilikuwa kinageuka vilevile. Mtama na wimbi vilikuwa vinapisha mahindi meupe. Vijana walikwenda Kericho kwenye majani chai, na huko mshahara ulikuja pamoja na posho ya unga wa mahindi, ratili mbili kwa siku. Waliporudi nyumbani walirudi na ladha ya ugali mweupe. Mtama na wimbi vilikuwa na desturi yake ya kulowekwa na kuchachishwa kwa uji, na kando ya ugali wake zilikaa mboga za osuga, apoth na dek, pamoja na samaki. Mahindi yaliyosagwa kwa mashine yalipikwa mara moja na kuliwa. Ubaya wa badiliko hilo dogo ulikuja kueleweka miaka thelathini baadaye, mbali sana na Suna.

Mwaka 1958 daktari kijana wa Kihindi, Ananda Prasad, aliyezaliwa Buxar katika jimbo la Bihar na kusomea zaidi Minnesota, alifika kufanya kazi katika hospitali ya Nemazee mjini Shiraz, Iran, mji ambao watu wengi wa pwani yetu huutaja wanapohesabu babu zao. Hakuwa mtaalamu wa madini. Mwenzake wa Marekani, James Halsted, alimwita amwone mgonjwa. Mgonjwa alisema ana miaka 21. Aliyelala kitandani alionekana mtoto wa miaka 10: bila ndevu, bila nywele za siri, viungo vya uzazi vya mtoto, ini na bandama vimevimba, ngozi kavu kama gome, na damu nyepesi kupita kiasi. Alipoulizwa anakula nini alisema mkate wa ngano isiyochekechwa na usiotiwa hamira, basi. Na udongo, karibu nusu kilo kila siku.

Baada ya muda mfupi Prasad na wenzake walikuwa wamekusanya wengine 10 wa namna hiyo. Upungufu wa damu ulieleweka, na vidonge vya chuma viliuponya. Kilichomsumbua Prasad ni balehe. Hakuna mnyama yeyote wa maabara aliyewahi kukosa kukua viungo vya uzazi kwa kukosa chuma peke yake. Alijiuliza ni madini gani mengine yanayoweza kuzuiwa na udongo na ngano kwa pamoja, na jibu alilolipata ni zinki. Ilikuwa imejulikana tangu 1934 kwamba panya asiyepata zinki hakui, na tangu 1955 kwamba nguruwe aliyeikosa huugua ngozi. Kwa binadamu hakuna aliyedhani jambo hilo linawezekana, maana zinki iko karibu katika kila chakula. Prasad, Halsted na Manucher Nadimi waliandika dhana yao mwaka 1961.

Ili kuithibitisha, Prasad alihamia Kairo, kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, na huko alikuta vijana wa vijijini wafupi vilevile, wasiobalehe vilevile. Ila hawa hawakula udongo. Walichokuwa nacho ni kichocho na safura, yaani minyoo iliyokuwa ikiwatoa damu mwaka hadi mwaka. Zinki ilipimwa katika damu, nywele na jasho lao ikaonekana imepungua. Walipopewa zinki, nywele za siri ziliota ndani ya wiki chache, na ndani ya miezi michache sehemu zao za uzazi zilifikia ukubwa wa watu wazima. Waliopewa chuma tu au chakula bora tu hawakuonyesha mabadiliko hayo kwa muda ule ule. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kumi na zaidi kabla Baraza la Utafiti la Marekani kutangaza, mwaka 1974, kwamba zinki ni kirutubisho cha lazima kwa binadamu. Prasad aliishi hadi 2022 na kushuhudia zinki ikiingia katika matibabu ya kuhara ya watoto duniani kote.

Maelezo ya kibiolojia hayana fumbo kubwa. Chuma huwekwa akiba kwenye ini na uboho. Iodini huhifadhiwa katika tezi ya shingo. Zinki haina ghala. Mwili huishi kwa ile iliyoingia juzi. Seli haziwezi kugawanyika bila zinki, na hakuna wakati seli hugawanyika kwa kasi kama utotoni na katika ile miaka michache ya kurefuka ghafla kabla ya kubalehe. Mwili unaponyimwa hufanya uamuzi wa busara: unaacha kurefuka, unaahirisha balehe, unasubiri. Kinachoizuia zinki isinyonywe tumboni ni faiteti, kemikali iliyomo katika pumba za nafaka na katika maharage, ambayo huishika zinki na chuma na kutoka navyo chooni. Hamira huivunja. Kuloweka na kuchachisha pia huivunja. Mkate wa Shiraz haukuchachishwa, na ugali wa mahindi haukuchachishwa.

Iran ilikuwa na udongo na nafaka. Misri ilikuwa na nafaka na minyoo. Ufuo wa Nyanza ulikuwa na udongo, nafaka na minyoo, na juu yake malaria. Ndiyo maana kundi la watafiti wa Kenya na Denmark lilipopiga kambi katika wilaya ya Bondo, ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay, miaka ya 1990, lilijikuta linarudi kwenye lile swali la Shiraz. Miongoni mwao walikuwamo mwanaanthropolojia Mjerumani Wenzel Geissler, David Mwaniki, Francis Thiong'o na Henrik Friis. Waliuliza wanafunzi 285 wa miaka 5 hadi 18 kama wanakula udongo. Asilimia 73 walisema ndiyo, kila siku. Kwa wastani kila mmoja alikula gramu 28 kwa siku, sawa na uzito wa kama viazi viwili vidogo kwa wiki.

Watu wazima, hasa walimu, waliliona jambo hilo kama utundu. Geissler aliwasikiliza watoto wenyewe kwa muda mrefu na kusikia kitu kingine. Udongo unahusishwa na wanawake, na damu, na uzazi. Watoto wadogo wa jinsia zote hula. Wavulana wanapokaribia kuwa wanaume huacha, au hula kwa kujificha, maana ni mambo ya kike. Wasichana huendelea hadi wanapokuwa akina mama. Yaani kitendo hicho huchukua njia mbili tofauti katika umri ule ule wa kubalehe, umri ambao mahitaji ya chuma ya msichana yanapanda mara mbili: kwanza kwa kuongezeka damu ya mwili unaokua, pili kwa kuanza hedhi.

Je, walikula udongo kwa kuwa walikosa madini, au walikosa madini kwa kuwa walikula udongo? Waliokula walikuwa na damu pungufu zaidi na akiba ndogo ya chuma, hilo lilionekana wazi. Udongo wenyewe una chuma, na ukiuchemsha kwa asidi maabara utakupa kiasi fulani. Lakini udongo wa mfinyanzi pia hushika madini ya chakula na kuyazuia, na kama umechotwa karibu na choo huleta mayai ya minyoo. Jaribio lililofanywa Lusaka, Zambia, na kuchapishwa 2004 lilijibu nusu ya swali. Wanafunzi walipewa vidonge vya chuma kwa miezi 10, na vidonge hivyo havikuonyesha athari yoyote kwa hamu yao ya udongo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ile hadithi tamu, kwamba mwili wenye hekima hutafuta dawa yake ardhini, ilipovunjika mguu. Haikufa: Sera Young, aliyefanya utafiti na wanawake wa kisiwa cha Pemba, ametetea wazo kwamba udongo hulikinga tumbo dhidi ya sumu na vimelea. Kwa madini, hata hivyo, odowa ni deni.

Kipimo cha balehe yenyewe kilikuja mwaka 2005, wakati Tjalling Leenstra na wenzake walipochapisha matokeo ya wasichana wa shule wa Kenya magharibi wa miaka 12 hadi 18. Wasichana hao walichelewa kuvunja ungo kwa takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakilinganishwa na wasichana wa vipimo vya rejea vya Marekani. Mbilikimo wa Shiraz hawapo katika utafiti huo. Kuna jambo la kawaida zaidi, ambalo bibi yeyote wa Suna angeweza kukueleza bila mizani: msichana anafika darasa la saba akiwa kijiti, kisha akiwa na miaka 15 au 16 anafumuka, na ndani ya miaka miwili anamzidi mama yake. Kuchelewa kubalehe huipa mifupa muda zaidi wa kurefuka. Mwili hulipa sehemu ya deni lake kwa kuchelewa. Anayepata mimba katikati ya kipindi hicho hugawana madini na mtoto kabla hajamaliza kukua mwenyewe, na kaunti za Migori na Homa Bay zimekuwa zikitajwa mara kwa mara kati ya zenye mimba nyingi za wasichana.

Kwa serikali na wafadhili, tiba ilionekana rahisi. Kama ni chuma, wape chuma. Somo kali la jambo hilo lilitoka kisiwani Pemba. Tangu mwaka 2002 watafiti wa Johns Hopkins wakiongozwa na Sunil Sazawal, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, waliwapa zaidi ya watoto 24,000 wa chini ya miaka mitatu vidonge kila siku: wengine chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine vidonge visivyo na kitu. Agosti 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa. Watoto waliovipata walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa mahututi au kufa. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria isiyokatika, na kimelea cha malaria nacho hula chuma. Matokeo yalipochapishwa 2006, Shirika la Afya Duniani lilibidi lifikirie upya ushauri wake kwa nchi zote za malaria. Kilichosahaulika mara nyingi ni kwamba, katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Madhara yaliwaangukia waliokuwa na chuma cha kutosha.

Hofu ya Pemba ilivuka bahari. Huku Nyanza swali liliwahusu hata wajawazito. Ndipo Martin Mwangi na Hans Verhoef walipowafuatilia wajawazito 470 wa vijijini katika eneo la Kisumu, kati ya 2011 na 2013, nusu wakipewa chuma kila siku. Wakati wa kujifungua takriban nusu ya wanawake wa kila upande walikutwa na vimelea vya malaria, hakuna tofauti ya maana. Ila watoto wa waliopewa chuma walizaliwa na gramu 150 zaidi. Mtoto anayezaliwa na uzito huo wa ziada huja na akiba ya kuanzia maisha, na akiba hiyo ndiyo anayoikulia miezi ya mwanzo, kwa vile maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Iodini ndiyo hadithi iliyoisha vizuri, na kwa hiyo haina mengi ya kusimuliwa. Rovu lilikuwa kubwa katika nyanda za juu za Kenya. Serikali iliagiza chumvi itiwe iodini, sheria ikakazwa 1978, na kwa kuwa chumvi karibu yote ya nchi hutoka kwenye mabwawa machache ya pwani ya Malindi na Magarini, ilitosha kusimamia malango machache. Kati ya 1994 na 2004 watoto wa shule wenye rovu walishuka kutoka kama asilimia 16 hadi 6. Chumvi inayofika soko la Suna leo ina iodini, mnunuzi akijua asijue. Wala si jambo dogo: huko Tanzania, ambako vidonge vya mafuta ya iodini viligawiwa wilayani tangu 1986, watafiti walikuja kuhesabu kwamba watoto ambao mama zao walivipata wakiwa wajawazito walisoma kwa theluthi moja hadi nusu mwaka zaidi, hasa wasichana.

Congo iliongeza tahadhari moja. Katika kisiwa cha Idjwi ziwani Kivu, na kaskazini huko Ubangi, madaktari wa Kibelgiji tangu miaka ya 1960 walikuta watu wazima wenye kimo cha watoto, wazito wa akili, wasiobalehe, wote kwa tezi ya shingo iliyokauka. Iodini ilipungua, na muhogo usiolowekwa vya kutosha ulizidisha hasara. Ikagundulika kwamba seleniamu nayo ilipungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi yao walipewa seleniamu peke yake, na homoni ya tezi, iliyokuwa kidogo tayari, ikaporomoka zaidi. Madini mawili yaliyokosekana yalikuwa yanashikana mkono. Ukimnyanyua mmoja, mwenziwe anaanguka.

Kwa hiyo wengine wakageukia chakula. Katika wilaya ya Embu, mwaka 1998, Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya jaribio la githeri ya saa nne asubuhi, yaani mahindi na maharage, kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Baadhi ya shule zilipata githeri yenye nyama ya kusaga, nyingine githeri na gilasi ya maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupata kitu. Waliokula nyama walijenga misuli ya mkono na kufanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri. Maziwa yaliwarefusha walio wafupi na wadogo zaidi. Lakini damu ilipopimwa, kirutubisho pekee kilichopanda waziwazi kilikuwa vitamini B12. Chuma na zinki havikuonyesha mabadiliko: malaria na maambukizi mengine yalikuwa yanaichezea damu kiasi kwamba vipimo havikusomeka vizuri, na faiteti ya mahindi na maharage ilikuwa inachukua fungu lake.

Sasa turudi ziwani, kwa maana hapo ndipo jibu la Suna lilipokuwa, na hapo ndipo lilipoondoka. Omena ni samaki anayeliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake, na kwa hiyo hubeba kalsiamu, chuma na zinki kwa pamoja kwa namna ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauwezi. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa asubuhi juu ya nyavu katika fukwe za Muhuru Bay na Mbita, na jioni yake yuko gorogoroni. Katika miaka ya 1980 mbuta, samaki aliyetiwa ziwani tangu enzi za ukoloni, alijaa ghafla, na viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, Homa Bay na Migori. Minofu ilikwenda Ulaya. Wenyeji walibaki na mifupa, kichwa na ngozi, iliyokaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Kisha viwanda vya chakula cha kuku viligundua omena, na sehemu kubwa ya mavuno ikaanza kwenda Nairobi na Nakuru kwa magunia. Bei ikapanda. Kuku wa mjini hukua kwa wiki sita kwa madini ya ziwa.

Mashamba nayo yalikuwa na wateja wake. Tangu miaka ya 1970 kampuni za tumbaku ziliwaajiri wakulima wa Suna na Kuria kwa mkataba, na kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga mwaka 1979. Pesa iliingia, ingawa kwa wengi ilikuja mara moja kwa mwaka na deni la pembejeo likiwa limekatwa. Mboga ya osuga haikuwa na kampuni ya kuinunua. Vitalu vya akina mama vilisukumwa pembezoni, na mara nyingi waliochoma tumbaku na kupalilia miwa ni wao hao na watoto wao.

Serikali ilichukua njia ya chumvi tena. Mwaka 2012 iliamuru kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa pakiti uongezwe chuma, zinki, foliki na vitamini nyingine. Ilikuwa na sababu: uchunguzi wa taifa wa 2011 ulikuta zaidi ya watoto 8 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wana zinki chini ya kiwango. Kudumaa kwa watoto nchini kumeshuka tangu hapo, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, na sifa ya jambo hilo iko kwa vitu vingi: vyandarua, chanjo, dawa za minyoo mashuleni, barabara, na akina mama waliokwenda shule. Lakini unga hauna malango machache kama chumvi. Nenda posho mill yoyote ya Suna jioni uone foleni ya watoto wenye madebe ya mahindi ya nyumbani. Mashine inavuma, vumbi linawafunika kichwa hadi miguu, unga unatoka wa moto, na hakuna aliyetia kijiko cha zinki. Unga wa pakiti wenye madini hununuliwa zaidi na mwenye mshahara.

Kama kaunti za Migori na Homa Bay zinataka kufanya jambo moja, lifanywe shuleni na lihusu omena. Shule ya msingi iliyo mwendo wa nusu saa kutoka ziwani na inayowapa watoto mahindi na maharage peke yake inafuata mlo wa bara kando ya samaki. Omena ya unga, iliyosagwa na kutiwa katika uji uliochachishwa usiku mmoja, haigharimu zaidi ya kikombe cha sukari ambacho huwekwa humo sasa. Uvuvi wake hufungwa kila mwaka kati ya Aprili na Julai, kwa hiyo inunuliwe Machi na ihifadhiwe. Vidonge vya minyoo viendelee kila mwaka, kwa sababu bila hivyo yote yatakayoingia yatatoka. Na nyumbani, mama, chai isubiri saa moja baada ya chakula, maana chai hufunga chuma. Na binti anayenunua odowa asipigwe. Apelekwe zahanati akapimwe damu.